Siki, Kostiki na Bureti: Mwongozo wa Anayeingia Maabara

Lebo ya chupa ya siki ya dukani huandikwa kwamba ndani mna asidi asetiki, kwa kawaida asilimia 4 au 5. Ukionja utajua ni chachu, lakini ulimi hauna namba. Hautakuambia kama kilichomo ni asilimia 5 kweli au 3, wala kama kuna mtu aliyeizimua kwa maji njiani. Kazi ya kujua kitu kina nini ndani yake, na kina kiasi gani, ndiyo uchanganuzi wa kemikali. Siki ni mahali pazuri pa kuuanzia: inapatikana kila duka, bei yake si ya kutisha, na hesabu yake inaenea nusu ukurasa.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye kidato cha pili au cha tatu katika shule ambayo bureti, zile neli ndefu zenye vipimo na bomba chini, ni za kugawana. Ni wako pia mwalimu mpya uliyekabidhiwa funguo za maabara pamoja na makabati yake yasiyofunguliwa muda mrefu, na wewe mtengeneza achari unayetaka kuielewa karatasi ya majibu uliyoletewa kutoka kwa wakaguzi. Tutafanya kazi moja tu, kupima siki kwa kostiki, na dhana za kemia nitazieleza pale kazi inapozidai.

Kuna jambo moja nitalishikilia tangu sasa. Shuleni usalama hufundishwa siku ya kwanza kama orodha ya makatazo iliyobandikwa ukutani, na usahihi hufundishwa miezi baadaye kama mbinu za kupata maksi. Kwenye benchi mambo hayo mawili ni tabia moja. Anayemimina kostiki kwenye bureti iliyo juu ya usawa wa macho yake ndiye huyo huyo atakayesahau faneli juu ya bureti na kuondoka na jibu la uongo. Anayeandika lebo kwenye kila bika hatachanganya sampuli, na hataungua pia.

Macho kwanza

Watu wengi huiogopa tindikali na kuidharau kostiki. Wamekosea mpangilio. Sodiamu haidroksaidi, ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki, hugeuza mafuta kuwa sabuni, na haichagui kama mafuta hayo ni ya mawese au ya ngozi yako. Ule utelezi unaousikia ikikugusa kidoleni ni mafuta ya ngozi yako yakianza kugeuka. Ikiingia jichoni huyeyusha njia yake na kuzama ndani, wakati asidi nyingi hugandisha protini za juu, na ugando huo huizuia kidogo isiendelee. Kwa hiyo miwani ya kinga huvaliwa kabla kizibo cha chupa hakijafunguliwa, na huvuliwa baada ya vyombo kuoshwa. Miwani ya kusomea haitoshi, kwa kuwa iko wazi pembeni.

Ikitokea kostiki au asidi imeingia jichoni, dawa ni maji, mengi, mara moja, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kwa muda usiopungua dakika 15. Kwa kostiki endelea hadi nusu saa, kisha hospitali hata kama maumivu yamepoa. Usijaribu kamwe kuzimisha kostiki ya jichoni kwa siki, wala tindikali ya ngozini kwa magadi. Vikikutana hutoa joto, na wewe unakuwa na majeraha mawili badala ya moja. Nguo iliyolowa ivuliwe kwanza. Aibu ni ya baadaye.

Sasa swali la kweli kwa shule nyingi: maji hayo yako wapi? Bomba likikauka wiki nzima, bango la huduma ya kwanza halisaidii kitu. Weka ndoo mbili kubwa zenye bomba, zile za kunawia mikono, juu ya meza imara, zijazwe asubuhi ya kila siku ya vitendo, na pasiwe na kiti wala begi mbele yake. Hakuna ndoo zenye maji, hakuna vitendo siku hiyo. Huu ndio ukaguzi wa kwanza ambao ningemtaka mkuu wa shule aufanye, kabla ya kuuliza habari za vifaa vya bei mbaya.

Mavazi hayana mjadala mrefu. Viatu vya kufunika vidole, si ndala. Koti la pamba, kwa sababu nailoni ikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Nywele zifungwe, ushungi na mtandio ncha zake ziingizwe ndani ya koti. Hakuna kula, kunywa wala kutafuna kitu humo ndani, hata kama kilicho mezani ni siki. Siki ikishaingia kwenye bika la maabara si chakula tena.

Kuhusu glavu, zivae, ila usizipe imani zisizostahili. Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Dartmouth College, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili zebaki juu ya glavu za mpira mwembamba. Alikuwa bingwa wa sumu za metali na alikuwa amefuata taratibu zilizojulikana wakati ule. Kemikali ile ilipenya glavu kwa sekunde chache, na Juni 1997 alifariki. Kwa kostiki iliyozimuliwa glavu za kawaida zinatosha, mradi ukimwagikiwa uzivue na kunawa mara moja, badala ya kuendelea na kazi huku ukijipangusa usoni nazo.

Soma lebo. Alama za hatari zinazotumika sasa duniani ni tisa, kila moja ndani ya umbo la almasi lenye ukingo mwekundu, kwa mujibu wa mfumo uliopitishwa na Umoja wa Mataifa na kuchapishwa mwaka 2003. Ile inayoonyesha kimiminika kikidondokea mkono na kipande cha metali maana yake ni kemikali inayobabua. Utaikuta kwenye kostiki na kwenye asidi asetiki iliyokolea. Kila kemikali iliyonunuliwa kihalali huwa na karatasi yake ya taarifa za usalama yenye sehemu 16. Huna haja ya kuzikariri zote: ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 7 ni utunzaji, ya 8 ni vifaa vya kujikinga. Chupa isiyo na lebo haitumiki, hata kama mwenzako anaapa kwamba anaijua.

Na kwa kuwa siki na jiki hukaa kabati moja katika nyumba nyingi, sikiliza hili: usivichanganye. Jiki ikikutana na asidi yoyote, iwe siki au dawa ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini, ambayo ni nzito karibu mara mbili na nusu kuliko hewa na hutuama chini, penye pua ya anayepiga deki akiwa ameinama. Jiki ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine mbaya vilevile. Bafuni hakuna dirisha kubwa, kwa hiyo ukihisi harufu inayochoma koo, toka kwanza, kisha fikiri ukiwa nje.

Kuhesabu visivyoonekana

Asidi, kwa kazi yetu, ni kitu kinachotoa chembe ya haidrojeni yenye chaji chanya kikiwa ndani ya maji. Besi ni kitu kinachoipokea. Vikikutana kwa kiasi kinacholingana huzaa chumvi na maji. Siki na kostiki huzaa sodiamu asetati na maji, na molekuli moja ya asidi asetiki hutaka chembe moja tu ya kostiki. Uwiano huo wa moja kwa moja ndio nguzo ya kazi yote.

Tatizo ni kwamba molekuli hazihesabiki kwa kidole, na uzito haulingani na idadi: molekuli ya asidi asetiki ni nzito mara moja na nusu kuliko chembe ya kostiki. Ndiyo maana wakemia wana moli. Moli moja ni chembe 6.022 × 10²³ za kitu chochote, namba ambayo tangu Mei 2019 imewekwa kwa makubaliano ya kimataifa, haitegemei tena kupimwa. Moli moja ya asidi asetiki ina uzito wa gramu 60. Moli moja ya kostiki ina gramu 40. Ukichanganya gramu 60 za ile na gramu 40 za hii, hakuna kinachobaki upande wowote. Mwanafunzi anayehangaika na moli kwa kawaida anahangaika kwa sababu ameambiwa ni kanuni ya kukokotoa. Aichukulie kama dazeni, basi, ila dazeni kubwa mno, na mambo yatakaa sawa.

Ukolezi ni moli ngapi zimo katika lita moja ya myeyusho. Hapa kuna maneno mawili yanayochanganywa kila siku, nguvu na ukolezi. Asidi kali, kama haidrokloriki, huachia karibu chembe zake zote za haidrojeni ikiwa majini. Asidi dhaifu, kama ya siki, huachia chache sana: katika siki ya asilimia 5, ni takribani molekuli moja kati ya 200. Ukolezi ni habari nyingine kabisa. Unaweza kuwa na asidi kali iliyozimuliwa hadi haina madhara, na asidi dhaifu iliyokolea inayobabua ngozi. Asidi asetiki tupu, ile ambayo haijatiwa maji, ni dhaifu katika vitabu, lakini ikikumwagikia itakutoa malengelenge.

Kipimo cha pH, kilichobuniwa na Søren Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, husoma zile chembe za haidrojeni zilizo huru tu. Kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi. Siki yetu ina pH ya karibu 2.4. Kwa hiyo karatasi ya litimasi au ya pH itakuambia kwamba ni asidi, ila haitakuambia ni asilimia ngapi, kwa sababu molekuli 199 zilizobaki zimejificha. Kostiki huzifichua. Kila inapomeza chembe huru, molekuli nyingine ya asidi huachia yake, hadi zote ziishe. Kazi hiyo ya kumimina besi ya ukolezi unaojulikana hadi asidi iishe ndiyo titresheni.

Kostiki usiiamini

Utaambiwa: pima gramu 4 za kostiki, yeyusha, jaza maji hadi lita moja, umepata ukolezi wa moli 0.1 kwa lita. Si kweli, au si kweli kabisa. Punje za kostiki hufyonza unyevu wa hewani huku unazitazama. Katika hewa ya Tanga au Mombasa huanza kung'aa na kulowa kabla mizani haijatulia. Hufyonza pia kaboni dioksaidi. Kwa hiyo katika zile gramu 4 sehemu ni maji na sehemu ni sodiamu kaboneti.

Dawa yake ni kuipima kostiki yenyewe kwa kitu kinachoaminika. Asidi oksaliki ya fuwele inafaa: haifyonzi unyevu ovyo na inapimika vizuri kwenye mizani. Gramu 1.576 zikiyeyushwa na kujazwa hadi mililita 250 hukupa moli 0.05 kwa lita. Asidi hii hutoa chembe mbili za haidrojeni kwa kila molekuli, hivyo mililita 25 zake hutaka moli 0.0025 za kostiki. Tuseme umemimina kostiki mililita 25.60 hadi asidi ikaisha. Gawanya 0.0025 kwa lita 0.0256, unapata 0.0977. Huo ndio ukolezi wa kweli, na ndio utakaoandikwa kwenye lebo ya chupa pamoja na tarehe.

Asidi oksaliki ni sumu, na hapa ndipo mtindo wa kizamani wa kunyonya pipeti, neli ya kuchukulia ujazo maalumu, kwa mdomo unapopaswa kufa. Tumia kifyonzi cha mpira. Kama shule haina, sirinji kubwa iliyounganishwa kwa kipande cha mpira na mdomo wa pipeti hufanya kazi ileile. Mwalimu anayenyonya pipeti kwa mdomo mbele ya darasa amefundisha somo ambalo hakuna bango litakalolifuta.

Na unapoyeyusha kostiki, punje ndizo ziingie kwenye maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Maji yasimwagwe juu ya punje. Asidi ya salfa iliyokolea nayo humiminwa kwenye maji, kwa sababu ni nzito karibu mara mbili ya maji na hutoa joto jingi, na maji machache yakiangukia juu yake huchemka papo hapo na kurusha tindikali usoni.

Maji ya kusuuzia

Wanafunzi hukariri sheria ya kusuuza bila kujua sababu, ndiyo maana huikosea siku ya mtihani. Sababu ni hii. Bureti na pipeti hupima ujazo wa myeyusho ambao ukolezi wake unauhitaji uwe vilevile. Maji yakibaki humo, yatauzimua. Kwa hiyo suuza kwa maji safi, kisha mara mbili kwa mililita chache za ule ule myeyusho utakaotiwa: bureti kwa kostiki, pipeti kwa siki.

Flaski ya koni ni kinyume. Ukishamwaga siki mililita 25 ndani yake, idadi ya molekuli za asidi imekwisha kuamuliwa na pipeti. Uongeze maji mililita 10 au 50, idadi haibadiliki, na kostiki itakayohitajika ni ile ile. Kwa hiyo flaski husuuzwa kwa maji tu na inaweza kutumika ikiwa imelowa. Ukiisuuza kwa siki, umeongeza asidi ambayo hakuna aliyeipima. Ukilielewa hili, umeielewa titresheni kuliko anayejua fomula kwa moyo.

Maji safi ni yale yaliyotoneshwa, na kama hayapo, maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yameondolewa chumvi na hufaa, mradi uhakikishe chupa ni ya maji, si ya asidi ya betri. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya awali yanaweza kusaidia. Maji ya kisima yana madini ambayo hula asidi yako kimyakimya.

Neno moja kuhusu vyombo. Vingi vimeandikwa 20 °C, joto ambalo mchana wa Dar es Salaam haulioni kwa kawaida. Maji yakipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30 hutanuka kwa karibu robo ya asilimia moja, kiasi cha mililita 0.06 kwa kila 25. Kwa shule hilo si kitu, lakini ndiyo sababu vyombo vya kupimia ujazo havikaushwi jikoni wala juani, na ndiyo sababu myeyusho uliotoka kuyeyushwa huachwa upoe kabla ya kujazwa hadi alama.

Tone kwa tone

Siki ya dukani imekolea mno kwa bureti. Mililita 25 zake zingetaka kostiki zaidi ya mililita 200, na bureti huchukua 50. Kwa hiyo tunaizimua mara kumi: mililita 25 kwa pipeti, ndani ya chupa ya ujazo ya mililita 250, kisha maji hadi alama. Mililita za mwisho ziongezwe kwa matone. Ukipitiliza alama, mwaga uanze upya. Kunyonya kilichozidi hakurudishi asidi iliyoondoka nacho. Funga kizibo, pindua juu chini mara nyingi. Kuzimua huku kunasaidia pia ikiwa siki ni ya rangi, kama zile za kahawia, kwani rangi hufifia.

Ishushe bureti hadi mdomo wake uwe chini ya kidevu chako, hata kama inabidi stendi iwekwe sakafuni, ndipo umimine kostiki kwa faneli. Toa faneli. Tone likibaki humo likadondoka baada ya kusoma namba ya mwanzo, bureti itaonekana imetumia kidogo kuliko ilivyotumia. Fungua bomba kwa nguvu kidogo ili hewa iliyo kwenye ncha itoke. Povu likitoka katikati ya kazi, bureti itaonekana imetumia zaidi. Soma sehemu ya chini ya mbonyeo wa kimiminika, jicho likiwa usawa wake, karatasi nyeupe ikiwa nyuma. Andika desimali mbili, ya pili ikiwa 0 au 5, kwa sababu tone moja lina ujazo wa karibu mililita 0.05 na macho hayaoni zaidi ya hapo.

Weka siki iliyozimuliwa mililita 25 kwenye flaski. Pipeti ikimaliza kutiririka, gusisha ncha yake ukutani mwa flaski na uiache. Kitone kinachobaki ndani kimekwisha kuhesabiwa na aliyeitengeneza, hivyo kukipuliza ni kuiba kinyume.

Tia matone mawili au matatu ya fenofthalini, kiashiria kitakachokuonyesha kwa rangi kwamba asidi imeisha. Kwa nini hiyo, na si methili oranji iliyo pembeni yake? Asidi yote ikiisha, kinachobaki majini ni sodiamu asetati, ambayo ina ubesi kidogo, pH karibu 8.7. Fenofthalini hubadilika kutoka maji matupu kwenda waridi kati ya pH 8.2 na 10, palepale tunapopahitaji. Methili oranji hubadilika kati ya 3.1 na 4.4, wakati zaidi ya nusu ya asidi bado ipo. Rangi yake itabadilika polepole na kukudanganya kwa utulivu mkubwa. Kiashiria huchaguliwa kwa kujua kazi inaishia wapi, wala si kwa rangi inayopendeza.

Mkono wa kushoto kwenye bomba, wa kulia ukizungusha flaski. Mara ya kwanza mimina haraka ili ujue kikomo kiko wapi. Hiyo ni ya kukadiria na haiingii kwenye wastani. Mara zinazofuata kimbia hadi mililita moja kabla ya hapo, kisha tone kwa tone, ukisafisha kuta za flaski kwa maji ya chupa ya kubinya. Kikomo ni waridi hafifu kabisa inayodumu kwa nusu dakika hivi. Waridi ya kukolea kama juisi ya rozela ni dalili kwamba umepita. Na ikififia baada ya dakika kadhaa usihangaike, kaboni dioksaidi ya hewani imeingia na kufanya uasidi wake.

Rudia hadi upate mara mbili au tatu zisizotofautiana zaidi ya mililita 0.10. Kishawishi cha kuandika namba inayofanana na ya mwenzako ni kikubwa, hasa kengele ikikaribia. Namba ya kubuni haina thamani hata ikiwa sahihi, na anayezoea kubuni akiwa kidato cha tatu atabuni siku moja akiwa anapima dawa au maji ya kunywa.

Karatasini

Tuseme wastani ni mililita 21.35. Zidisha lita 0.02135 kwa 0.0977: moli 0.002086 za kostiki, na kwa ule uwiano wa moja kwa moja, moli 0.002086 za asidi katika mililita 25. Gawanya kwa 0.025, unapata 0.0834 kwa lita. Rudisha mara kumi tulizozimua: 0.834. Zidisha kwa 60: gramu 50.1 kwa lita, ambazo ni gramu 5.0 kwa kila mililita 100. Lebo imesema kweli.

Ungeiamini kostiki kwamba ni 0.1, ungepata gramu 51.2, na siki ingeonekana bora kuliko ilivyo. Tofauti ni ndogo, lakini kosa limeegemea upande mmoja, na kurudia mara mia kusingelifichua. Usiandike pia 5.006 kwa kuwa kikokotoo kimeonyesha hivyo. Vyombo vyako havijui tarakimu hizo.

Ukipata 3.6 wakati lebo inasema 5, tulia kabla ya kumshutumu mtu. Je, pipeti ilikuwa na maji? Chupa ilikaa wazi siku ngapi? Chupa moja haitoshi kumhukumu mtengenezaji. Kumbuka vilevile kwamba titresheni huhesabu uchachu wote: siki ya nazi iliyotokana na tembo inaweza kuwa na asidi nyingine ndogo ndogo, na kostiki haizibagui. Jibu lenye uzito wa kisheria hutoka kwenye maabara zenye mamlaka, kwa Tanzania ikiwamo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo pia husajili wanaoshughulika na kemikali chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003.

Sampuli isiyo na jina

Hadi hapa tulijua kilichomo, tukauliza ni kiasi gani. Mara nyingine unapewa unga mweupe usio na jina na kuulizwa ni nini. Hapo hutumika dalili: moto wa njano ni sodiamu, zambarau hafifu ni potasiamu, wekundu wa tofali ni kalsiamu, kijani chenye ubuluu ni shaba. Njano ya sodiamu hufunika zambarau ya potasiamu, kwa hiyo tazama kupitia kioo cha buluu ya kobalti. Nitrati ya fedha hutoa mashapo meupe penye kloridi, na hutia ngozi madoa meusi yanayokaa siku kadhaa. Fanya kila mara jaribio tupu, yaani vitendanishi vyote na maji yako bila sampuli. Shule za mwambao zinazotumia maji ya kisima hukuta kloridi kwenye kila kitu, hata pasipokuwa nayo. Harufu ipelekwe puani kwa kupunga mkono juu ya mdomo wa chombo, na mdomo wa neli inayochemshwa usimwelekee mtu. Taa ya spiriti haijazwi ikiwa inawaka, maana mchana mwali wake karibu hauonekani.

Baada ya kazi

Mabaki ya siki na kostiki yamwagwe sinki na maji mengi. Chumvi za fedha, risasi na shaba zikusanywe kwenye chupa yenye lebo, zisipelekwe mtoni kupitia bomba. Kilichobaki kwenye bika hakirudi kwenye chupa ya asili, hata kikionekana kisafi. Vioo vilivyovunjika viokotwe kwa kizoleo, na kipimajoto cha zebaki kikipasuka usifagie, kwani ufagio huzitawanya punje. Fungua madirisha, zikusanye kwa karatasi ngumu, uzifungie kwenye chupa.

Kostiki itunzwe kwenye chupa ya plastiki, kwa kuwa hula kioo polepole na kukigandisha kizibo chake. Bureti yenye bomba la kioo iliyolazwa na kostiki usiku mmoja inaweza isifunguke tena. Imwage, ioshe kwa maji mara tatu, fungua bomba, igeuze mdomo chini kwenye stendi. Halafu nawa mikono, ndipo uvue miwani.